Mhadhara uende Mount Druitt

Leo nakupeleka magharibi ya jiji la Sydney, katika kitongoji kiitwacho Mount Druitt. Nataka kueleza kwa nini naona mihadhara juu ya mambo ya dunia inapaswa kufanyika huko, tena kwa Kiswahili.

Sydney haikosi mihadhara. Katikati ya jiji, katika majengo kongwe ya Glover Cottages, mtaa wa Kent, Taasisi ya Australia ya Masuala ya Kimataifa huwaalika mabalozi na wanazuoni kuzungumza mbele ya umma. Chama cha elimu kwa wafanyakazi, WEA, kimekuwa kikiwafundisha watu wazima jijini humo tangu mwaka 1913. Shirika la utangazaji la ABC nalo lilianzisha mwaka 1959 mihadhara ya redio ya kila mwaka, ambayo baadaye ilipewa jina la Richard Boyer, aliyekuwa mwenyekiti wake. Yote hayo ni mema. Lakini kutoka stesheni ya Mount Druitt hadi katikati ya jiji ni mwendo wa karibu saa nzima kwa treni, na mtu aliyetoka zamu ya jioni kwenye ghala hatafika. Akifika, aghalabu atakuta Kongo imepewa dakika tano, baada ya China na kabla ya chai.

Mount Druitt imo ndani ya halmashauri ya jiji la Blacktown, juu ya ardhi ya jadi ya watu wa Dharug. Nyumba zake nyingi zilijengwa na serikali kuanzia miaka ya 1960 kwa ajili ya familia za kipato cha chini. Ni mahali ambapo pamesemwa sana kuliko palivyopata kusema. Mwezi Januari 1997, gazeti la Daily Telegraph lilichapisha katika ukurasa wa mbele picha ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari ya huko, likaitangazia nchi nzima kufeli kwao. Wanafunzi walikwenda mahakamani, na mwaka 2000 gazeti likaomba radhi na kulipa fidia. Mwaka 2015 televisheni ya SBS ilipoonyesha filamu iitwayo Struggle Street, iliyohusu maisha ya dhiki mtaani humo, meya wa Blacktown, Stephen Bali, alipeleka malori ya taka mbele ya ofisi za kituo hicho kupinga.

Katika eneo hilo wanaishi pia Wakongo, Warundi na Wasudan Kusini, wengi wao waliopitia makambi kama Nyarugusu kule Kigoma na Kakuma kaskazini mwa Kenya. Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na watoto wa Sudan waliosomea huko kwa mtaala wa Kenya walijifunza Kiswahili darasani. Ndiyo maana Mbembe wa Fizi, Mrundi wa Ruyigi na Mdinka wa Bor wanaweza kukutana maktabani Mount Druitt na wakaelewana, kila mmoja na lafudhi yake.

Watu hawa hawahitaji kuambiwa kwamba dunia ina misukosuko. Hata hivyo, kushuhudia jambo si kulijua lote. Aliyekimbia kijiji chake anajua kilichomwa siku gani. Huenda asijue kwamba mkataba uliotiwa sahihi Washington tarehe 27 Juni 2025 ulikuwa baina ya serikali za Kongo na Rwanda, na kwamba azimio la Doha la tarehe 19 Julai mwaka huo lilikuwa jambo jingine, baina ya Kinshasa na kundi la M23. Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, ndugu walio ughaibuni walizipata habari kwa ujumbe wa sauti wa simu. Sauti ya mama unaitambua. Lakini ule ujumbe uliopitia simu arobaini, msemaji wake hana jina, utamuuliza nani? Mhadhiri angalau amesimama mbele yako.

Naye mhadhiri ana la kujifunza. Chukua lithiamu ya Manono, katika mkoa wa Tanganyika. Kampuni ya AVZ Minerals, yenye makao Perth, iliingia katika mgogoro mrefu wa kisheria na serikali ya Kongo juu ya haki za kuchimba madini hayo ya betri. Mwanasheria wa Sydney anaweza kukufafanulia leseni na usuluhishi wa kimataifa hadi ukaelewa. Mzee aliyekulia Manono anaweza kumweleza mwanasheria huyo mji ulibaki na nini baada ya uchimbaji wa bati wa enzi ya Wabelgiji. Kisha yuko kijana wa ghalani. Tangu mwaka 1992 sheria ya Australia inamlazimu mwajiri kumwekea mfanyakazi akiba ya uzeeni, na mifuko ya akiba hiyo hununua hisa za makampuni, yakiwemo ya madini. Kijana huyo ana haki ya kuuliza fedha zake zimekwenda wapi.

Kuhusu lugha, nchi yenyewe ina mfano. Redio za wahamiaji, 2EA ya Sydney na 3EA ya Melbourne, zilianza mwaka 1975 kwa sababu serikali ilitaka bima mpya ya afya, Medibank, ieleweke kwa wasiojua Kiingereza. Ikiwa bima ilistahili kuelezwa kwa lugha ya mtu, vita vya kwao vinastahili zaidi.

Lakini namna ya kuendesha mkutano nitaitafuta kwetu. Mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio, wakiwa na kijitabu na kiongozi aliyefunzwa. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, na hapo kazi ikaanza: malaria inatoka wapi hapa kwetu, nani ana choo, nani hana. Vyoo vikachimbwa. Mihadhara ya Boyer humalizika kwa msemaji kunyamaza. Vile vikundi vilianza pale msemaji aliponyamaza, na kwangu hilo ndilo la kuiga. Walter Rodney alilijua. Alipokuwa mhadhiri Jamaika alitoka chuoni akakaa na maskini na Marastafari wa Kingston, na serikali ikamzuia kurejea nchini humo Oktoba 1968. Alirudi Dar es Salaam mwaka uliofuata, akafundisha hadi 1974.

Basi iwe hivi: mhadhara usizidi nusu saa, na maswali yapewe saa nzima. Maswali yaandikwe kwenye vikaratasi. Tunajua desturi zetu. Wazee watatangulia, nao husema kwa kirefu, na binti aliyeketi nyuma ataondoka na swali lake moyoni. Kikaratasi hakina umri wala kabila, na katika chumba walimo Mkongo na Mnyarwanda jambo hilo si dogo.

Liko la mwisho, ambalo wenzangu kazini hawatalipenda. Mimi ni mtayarishaji wa vipindi na riziki yangu ni kurekodi. Mhadhara nitaurekodi na kuutangaza. Wakati wa maswali nitazima kinasa sauti, na nitawaomba wote waweke simu zao mfukoni. Anayeuliza kuhusu Bukavu ana dada Bukavu, na sauti inayotoka Mount Druitt usiku huweza kufika huko kabla hakujakucha.