Shanga za mama: kabla ya kuuza, tuandike

(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama kwenye mkutano wa mwezi, hapa Kindu)



Sisi tunaofanya kazi ya kutembelea familia zilizorudi, mmetuzoea na makaratasi. Tunauliza: mliacha nyumba? Mashamba? Mbuzi wangapi? Leo tunakuja kukiri kwamba kwenye karatasi ile hakuna mahali pa kuandika mapambo. Na kosa hilo limemgharimu mmoja wetu.

Mama mmoja wa ng'ambo, Alunguli, alikuwa na uzi wa shanga za buluu, mistari mitatu. Mama yake alimwachia. Wakati wa vita alizishonea ndani ya pindo la kikwembe, akatembea nazo porini, akarudi nazo. Mwanzo wa masomo akaja mnunuzi, akamwonyesha dola 20. Mama akatuuliza: “Banangu, niuzishe ao niache?” Sisi, na diploma zetu, tukazishika, tukasema: mama, hii si feruzi, ni kioo tu. Uza, ulipe minervali ya watoto. Akauza.

Wiki chache baadaye yaya yake akarudi kutoka kambi ya Tanzania. Walikuwa hawajaonana miaka mingi. Wakalia, wakakaa, na neno la kwanza la yaya likawa: “Shanga za mama ziko wapi?” Sisi tulikuwa palepale mlangoni. Hatukuwa na jibu.

Tulichosema kuhusu kioo kilikuwa kweli, lakini hakikutosha. Feruzi ni jiwe, na la zamani lenye sifa lilitoka Nishapur, Uajemi. Hapa kwetu watu wengi wakisema “feruzi” wanasema rangi. Shanga nyingi za zamani zilizoko Maniema ni za kioo. Zilitengenezwa Ulaya, nyingi huko Venice, zikashushwa Unguja, zikabebwa kichwani kupita Tabora na Ujiji, zikavuka ziwa Tanganyika, zikafika Kasongo na Nyangwe. Wafanyabiashara wa karne ya 19 walijua kila nchi ina rangi yake: nyekundu za samisami zilipendwa karibu kila mahali, lakini rangi iliyogombaniwa kijiji hiki ilikataliwa kijiji cha pili. Mtu aliyebeba rangi isiyotakiwa aliweza kulala njaa na gunia lake limejaa.

Tuseme pia lile lisilopendeza. Shanga hizo zilinunua chakula na pembe za tembo, na zilinunua watu. Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, watu wenye bunduki waliwapiga risasi wanawake sokoni, na Livingstone alikuwapo akaona. Kwa hiyo uzi mmoja wa shanga unaweza kuwa zawadi ya harusi na ukumbusho wa msiba kwa wakati mmoja. Mwenye kuujua ni yule aliyeambiwa na bibi yake.

Na wenzetu Walega wana hesabu yao wenyewe. Walikuwa na musanga, vipande vya gamba la konokono vilivyotungwa, pesa yao kabla ya franga. Wana kofia na mikanda ya simbi za bwami, ambazo hazivaliwi na kila mutu. Mwaka 1948 utawala wa Wabelgiji ulipiga bwami marufuku. Leo vitu vingi vya bwami viko katika makumbusho na nyumba za matajiri Ulaya na Marekani, na mara nyingi jina la aliyevivaa halikuandikwa. Kitu kimefika, mwenyewe amepotea. Hatutaki hivyo kwa shanga za Alunguli, Kasuku na Mikelenge.

Vijana wasifikiri tunasema vya zamani tu. Bangili ya malakiti uliyoletewa kutoka Lubumbashi au Kolwezi ni mali pia. Jiwe lile la kijani na feruzi vina ujamaa: rangi ya vyote viwili inatoka kwenye shaba. Ukinunua, lishike: malakiti ya kweli ni nzito na baridi mkononi, na mistari yake haifanani. Ya plastiki ni nyepesi, mistari imenyooka kama imechapwa. “Feruzi” ya bei rahisi mara nyingi ni jiwe jeupe lililotiwa rangi. Angalia nyufa, utaona rangi imejikusanya humo. Na vyote viwili usivioshe kwa ndimu wala sabuni kali, usivipulizie manukato. Maji safi kidogo na kitambaa laini vinatosha. Uzi ukianza kuchakaa, tunga upya, funga fundo kati ya shanga na shanga, ili ukikatika usipoteze zote.

Sasa tunaomba mambo matatu.

La kwanza, daftari. Kila pambo liandikwe: la nani, alilitoa nani, lilipita njia gani, linavaliwa lini. Pambo lenyewe libaki nyumbani kwa mwenyewe. Picha tutapiga kwa simu, na hatumwonyeshi mtu wa nje bila ruhusa.

La pili, kuazimana. Wako waliorudi mikono mitupu, na binti anaolewa. Aliye na uzi amwazime asiye na uzi, mbele ya mashahidi wawili, tarehe ya kurudisha iandikwe.

La tatu ni kwenu wafadhili pia. Hatuwaombi mnunue shanga; tafadhali msinunue. Tunaomba mtusaidie kuongeza pesa kidogo kwenye sanduku la chama, ili mama mwenye haraka ya minervali au ya dawa akope kwanza, asiuze usiku mmoja kitu kilichokaa vizazi vitatu. Akitaka kuuza baada ya hapo, ni mali yake, auze kwa bei anayoijua.

Mnunuzi yule tumemtafuta mpaka bandarini na stesheni, hatukumpata. Lakini daftari limeanza. Tulikaa na mama na yaya yake alasiri nzima, wakabishana kama mstari wa kati ulikuwa na shanga nyeupe mbili au tatu. Tumeandika tatu, kwa sababu yaya ndiye mukubwa. Huo ndio ukurasa wa kwanza. Mkutano ujao kila mutu aje na pambo moja, hata la plastiki, tuandike ukurasa wa pili.