Bei ya Kiwanja Siyo Bei ya Makao



Shauri ninalotaka kusema nanyi leo ni la wale walioweka akiba yao shilingi kwa shilingi, na ambao sasa wataka kununua kiwanja au nyumba yao ya kwanza hapa Eldoret. Mwenye mali nyingi akikosea, hupoteza fedha. Mwenye mali kidogo akikosea, hupoteza jasho la miaka kumi, na pengine asipate nafasi ya pili. Kwa hiyo yatupasa kulifikiri jambo hili kwa utulivu.

Wazee wengi wangali wakiuita mji huu Sisibo, kwa kuwa ulianzia katika shamba la walowezi nambari 64. Mwaka 1912 ulipewa jina la Eldoret, reli ikafika mwaka 1924, na tarehe 15 Agosti 2024 ukatangazwa kuwa jiji. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, mengi ya mashamba yaliyouzunguka mji yalinunuliwa na makampuni na vyama vya watu waliochanga fedha zao, kisha yakakatwa vipande vipande. Habari hizi zatueleza kwa nini mitaa yetu haifanani. Mahali pengine wapimaji walitangulia, watu wakafuata. Mahali pengine watu walitangulia, na wapimaji wakaja nyuma yao.

Sasa tuitazame mitaa yenyewe. Elgon View ina viwanja vipana, miti mingi na kimya, lakini bei yake humrudisha mwenye kipato kidogo mlangoni. Kapsoya, upande wa mashariki, ni mtaa wa watu wa kadiri. Kimumu kwenye njia ya Iten, Annex kwenye njia ya Nakuru, na Maili Nne kwenye njia ya Uganda ni mahali ambapo nyumba mpya zaota kati ya mahindi. Langas, kwenye njia ya Kisumu, na Huruma pia, zina watu wengi na vyumba vya bei nafuu. Mtu asije akaidharau mitaa hiyo. Wengi wa wanaoujenga mji huu hulala huko, na mwenye kujenga vyumba vya kupangisha hakosi mpangaji.

Basi ni upi ulio bora? Jibu langu ni kwamba swali hilo halijibiwi kwa bei iliyoandikwa katika kibao. Bei ya kiwanja ni kitu kimoja, na bei ya makao ni kitu kingine.

Kwanza, nauli. Tuseme mume na mke wafanya kazi mjini, na kila mmoja atoa shilingi 50 kwenda na shilingi 50 kurudi. Hizo ni shilingi 200 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 5,200, na kwa mwaka ni shilingi 62,400. Katika miaka kumi zitakuwa shilingi 624,000, hata bila nauli kupanda, na bila kuwahesabu watoto wa shule. Kiwanja cha mbali kilichopungua bei kwa shilingi 300,000 kitakuwa kimezila fedha hizo kabla ya mwaka wa tano kwisha.

Pili, maji. Sehemu kubwa ya maji ya mfereji ya Eldoret hutoka katika bwawa la Chebara, lakini mfereji haufiki kila kiwanja. Muuzaji atakuonyesha kisima na kukusifia maji yake. Kumbukeni uchunguzi wa maji uliofanywa Langas, ambao habari zake zilichapishwa mwaka 2007. Sampuli 31 zilichukuliwa katika visima vifupi, na zote isipokuwa moja zilionyesha dalili za uchafu wa kinyesi. Visima na vyoo vya shimo vikikaa karibu katika viwanja vidogo, matokeo ni hayo. Kwa hiyo usitazame kisima chako peke yake; tazama na choo cha jirani. Na ukiambiwa kwamba mfereji waja, uliza umefika wapi leo.

Tatu, nenda wakati wa mvua. Mvua zetu huanza Machi au Aprili na kuendelea mpaka karibu na Septemba. Njia iliyo nzuri mwezi wa Januari yaweza kuwa tope la magoti mwezi wa Julai, na lori la mawe lisifike kwako. Udongo mweusi wenye kunata nao hudai msingi wa kina na gharama zaidi.

Nne, na hili lingepasa kuwa la kwanza, ni hati. Nitawasimulia kosa langu mwenyewe. Mimi na mke wangu tulizunguka Jumamosi tatu, tukapata kiwanja cha hamsini kwa mia kwa bei ya ajabu. Muuzaji alikuwa na haraka. Alisema wanunuzi wengine wawili wako njiani. Nikatoa shilingi 20,000 za kufunga neno. Tuliporudi nyumbani, mke wangu aliuliza swali moja tu: "Baba Chebet, hati yenyewe umeiona?" Sikuwa nimeiona. Nilichoonyeshwa kilikuwa cheti cha hisa. Katika ofisi ya ardhi tuliambiwa kwamba nambari ile ni ya shamba zima, na halikuwa limegawanywa kwa jina la mtu yeyote. Zile shilingi 20,000 sikuziona tena. Lakini bila lile swali ningalipoteza akiba yote.

Kwa hiyo fanyeni upekuzi katika ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata senti moja. Mpeleke mpimaji akuonyeshe bikoni. Mapatano yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote mbele ya shahidi. Ikiwa kiwanja ndicho makao ya muuzaji, mke wake au mume wake awe amekubali. Ikiwa ardhi ingali ya kilimo, idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi iombwe kabla ya miezi 6 kupita, la sivyo mapatano yenu ni bure. Tena wekeni kando ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani katika mji na asilimia 2 mashambani, pamoja na malipo ya wakili.

Najua yuko atakayesema kwamba nikizihesabu gharama hizi zote sitanunua kamwe. Ni kweli kwamba mchagua nazi hupata koroma. Sisemi mngoje kiwanja kisicho na ila, maana hakipo. Sisi wenyewe hatimaye tulinunua kiwanja kidogo kuliko tulivyotamani, karibu na barabara, chenye hati. Nyumba ina vyumba viwili tu mpaka leo. Lakini mvua ikinyesha usiku twalala, na hakuna mtu anayeweza kutubishia hodi asubuhi na kusema kwamba mahali pale ni pake.