Si Kosa la Mama
Dominika ya Nne ya Kwaresima, Mwaka A



Injili ya Dominika hii yatupeleka Yerusalemu, mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi wanapomwona hawaulizi jina lake, wala hawaulizi kama amekula. Wanauliza swali la lawama: kosa ni la nani, la kwake au la wazazi wake? Bwana wetu anakataa yote mawili. Kisha anafanya tope kwa mate, anampaka macho, na kumtuma akanawe katika birika la Siloamu. Kwanza anaondoa lawama, ndipo anaponya.

Swali lile halikubaki Yerusalemu. Limepanda hata milima yetu ya Uluguru. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa upande wa Mgeta aliniletea mtoto wa wiki tatu, amemfunika khanga mbili hadi usoni. Nilidhani ni kwa sababu ya baridi ya kule juu. Alipomfunua niliona mtoto mwenye ualbino. Mume alikuwa ameondoka. Kwa mume walisema kwamba ukoo wa mama una laana. Na kwa kuwa Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, lawama ile ilimwangukia yeye, mama yake mzazi na hata wajomba. Akaniuliza, “Baba, nimekosa nini?”

Nilimbariki mtoto, lakini jibu sikuwa nalo. Baadaye niliwauliza madaktari, nikasoma, na leo napenda kuwashirikisha niliyojifunza.

Ngozi yetu, ndugu zangu, imejengwa kwa chembe hai za aina mbalimbali. Zilizo nyingi hujenga tabaka la juu na kutukinga kama ukuta. Chini kabisa ya tabaka hilo, katikati ya wenzake, zipo chembe chache zenye kazi ya kutengeneza rangi iitwayo melanini. Wataalamu huziita melanositi. Kila moja ina vitawi mfano wa mikono mirefu, na kwa vitawi hivyo huwapelekea rangi majirani wapatao 36. Mfano wake mwaujua. Alfajiri akina mama wa milimani hushuka na mizigo vichwani mpaka sokoni Morogoro, na mjini hula hata asiyelima. Ndivyo ilivyo ngozini: chembe moja hulima, jirani zake hula. Naye jirani akiisha kuipokea rangi ile, huitandaza juu ya kiini chake, upande wa jua, kama mwavuli.

Sasa sikilizeni jambo lililonishangaza. Mtu mweusi sana na mtu mweupe wa Ulaya wana idadi ya melanositi inayokaribiana. Mtoto mwenye ualbino naye anazo. Mikono ipo, njia ipo; kilichopungua ni rangi ndani ya kapu. Hakuumbwa kwa udongo mwingine. Si mtoto wa Mzungu, wala si mzimu.

Kwa nini basi rangi hupungua? Kila mmoja wetu hurithi maelekezo ya kuujenga mwili, yaani jeni, nakala moja kwa baba na nyingine kwa mama. Ualbino ulio wa kawaida hapa kwetu hutokana na hitilafu katika jeni iitwayo OCA2. Mtu akiwa na nakala moja yenye hitilafu, ile nyingine iliyo nzima humtosha, naye haonekani tofauti na wenzake. Mtoto huzaliwa na ualbino pale anapopokea nakala yenye hitilafu kwa baba na nyingine ya namna hiyohiyo kwa mama. Yule baba aliyefunga mzigo wake akaondoka alikuwa amechangia sawasawa na mama aliyemwacha.

Hapa Tanzania hukadiriwa kwamba mtoto mmoja katika 1,400 huzaliwa na ualbino, na kwamba mtu mmoja katika 19 hivi hubeba nakala moja bila kujua. Katika kigango chenye waumini 190, wapo kama kumi. Huenda ni wewe katekista, huenda ni mwenyekiti wa jumuiya, huenda ni mimi padre wenu. Nani basi atamnyoshea mwenzake kidole?

Nami ninalo la kuungama. Katika darasa la Komunyo ya Kwanza nilimkemea mtoto mwenye ualbino aliyekuwa ameketi nyuma, akishika kitabu karibu na pua. Nilidhani ni mvivu. Sikujua kwamba macho yake nayo yamejengwa kwa namna nyingine. Kwa watu wengi, karibu nusu ya nyuzi za neva za kila jicho huvuka kwenda upande wa pili wa ubongo. Kwa mwenye ualbino huvuka nyingi zaidi. Tena ile sehemu ndogo ya ndani ya jicho tunayoitumia kusomea haikukomaa kikamilifu. Miwani humsaidia, lakini haiondoi shida yote. Akili yake ni nzima. Katekista, mketishe mbele, andika kwa herufi kubwa, msomee kwa sauti.

Nanyi wazazi, lindeni ngozi isiyo na mwavuli. Msidanganywe na ukungu wa milimani: miale ya jua hupenya mawingu, na kadiri tunavyopanda juu ndivyo inavyozidi ukali. Saratani ya ngozi imewaua ndugu zetu wengi wangali vijana, nayo yazuilika. Mvalisheni mtoto mikono mirefu na kofia pana, hata katika maandamano ya Ekaristi. Shamba lilimwe asubuhi na jioni. Yapo mafuta ya kukinga jua, kama yale ya Kilisun yaliyoanza kutengenezwa huko Moshi katika hospitali ya KCMC. Kidonda kisichopona kipelekwe hospitali mapema, kisipelekwe kwa mganga wa ramli.

Maana ramli imemwaga damu. Tangu miaka ya 2006 na 2007, hasa Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliwindwa kwa uongo kwamba viungo vyao huleta utajiri. Tusiseme yamekwisha: mwezi Mei 2024, mkoani Kagera, mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu alinyakuliwa nyumbani kwao, akauawa. Mauaji ya namna hiyo huanza mbali, ndugu zangu. Huanza siku ile tunapomwita mtoto mzimu na mama yake mwenye laana. Aliye mzimu hana wa kumlilia.

Lakini Watanzania wengine waliona vema zaidi. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany kuwa mbunge wao, mtu mwenye ualbino. Hawakutazama ngozi, walitafuta mwakilishi.

Wazazi wa yule kipofu wa Injili waliitwa wahojiwe, nao wakaogopa kusema. Wazazi wetu wasiachwe peke yao katika hofu hiyo. Jumuiya ndogondogo iende nyumbani kwao, imbebe mtoto, imwite kwa jina la ubatizo wake.

Huenda yule mama wa Mgeta ananisikia asubuhi hii. Jibu nililoshindwa kumpa siku ile, nampa leo: Mama, hukukosa kitu. Na mumewe, popote alipo, ajue kwamba mtoto ni damu yake sawasawa, na njia ya kurudi milimani ingali wazi.

Mungu awabariki nyote. Amina.