Kuukomaza Mkono wa Kupigia: Mafunzo ya Ubao wa Okinawa



Nimeagizwa nizungumze juu ya namna ya kuukomaza mkono hata uweze kupiga pasipo kujidhuru. Na kwa kuwa jambo hili limejaa visa vya ajabu kuliko maarifa, naomba idhini yenu nianze na maumbile ya mkono wenyewe, kisha niende Okinawa, kisiwa cha Japani, ambako mazoezi haya yalipewa taratibu zake mashuhuri, na mwisho nitaje yatupasayo sisi tunaofundisha vijana.

Maumbile ya mkono

Mkono, tangu kifundo hata ncha za vidole, una mifupa 27: 8 ya kifundo, 5 ya kiganja na 14 ya vidole, nayo ni mifupa iliyoumbwa kwa kushika, kushona na kuandika, wala si kwa kugongana na fuvu la kichwa. Mtu asiyefundishwa, akipandwa na ghadhabu akarusha ngumi, aghalabu hufikia kwa kifundo cha kidole cha pete na cha kidole cha mwisho, na ule mfupa mwembamba wa kiganja ulio chini ya kidole cha mwisho huvunjika upesi. Kinyume chake, mifupa iliyo chini ya kidole cha shahada na cha kati imefungamana imara na kifundo cha mkono, hata nguvu ikipita hapo hunyooka moja kwa moja mpaka kigashani. Na kwa sababu hiyo walimu wa karate wamesisitiza kwamba pigo lifikie kwa vifundo vya vidole hivyo viwili.

Ubao wa Okinawa

Gichin Funakoshi, mzaliwa wa Shuri, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, aliwahimiza wanafunzi wake kupiga makiwara, nayo ni ubao uliosimikwa ardhini, mnene chini na mwembamba juu, uliozungushiwa kamba ya majani ya mpunga pale panapopigwa. Wengi wauonao hudhani kuwa umewekwa ili kuchubua ngozi mpaka ife ganzi, hasha! Siri yake imo katika huo wembamba wa juu, kwani ubao hupinda kadiri unavyosukumwa, na kadiri unavyopinda ndivyo unavyozidi kupinga, hata kifundo cha mkono kilicholegea hufichuka papo hapo na bega lililopanda hujulikana. Ubao, basi, ni mwalimu wa unyoofu kabla ya kuwa kinoo cha ugumu. Kadhalika Chojun Miyagi wa Naha, mwasisi wa mtindo wa karate uitwao Goju-ryu, aliwabebesha wanafunzi mitungi waliyoishika kwenye midomo yake kwa ncha za vidole, ikiongezwa mchanga taratibu, maadamu ngumi isiyofumbwa kwa nguvu haiwezi kukomaa.

Mfupa, ngozi na gegedu

Mwaka 1892 tabibu Mjerumani Julius Wolff alieleza kwamba mfupa hujijenga upya kwa kufuata mzigo unaoubeba. Nayo ndiyo hoja inayoyapa mazoezi haya msingi, kwa sharti kwamba mzigo uongezwe kidogo kidogo na mwili upewe mapumziko ya kujijenga. Ngozi nayo huota sugu upesi, ilhali mfupa huchelewa, na gegedu la viungo, kwa kuwa halina mishipa ya damu, likiharibika hupona kwa shida au lisipone kabisa. Kwa hiyo kijana apigaye ukuta wa saruji anaweza kujivunia sugu nene, na chini yake viungo vimekwisha kuanza kuharibika, hata uzeeni vidole vikamgomea kushika kalamu.

Wachina, katika mazoezi yao ya kiganja cha chuma, walilitambua jambo hili la hatua: mwanafunzi huanza na mfuko wa choroko, akaenda kwenye changarawe, na baada ya muda mrefu ndipo akagusa vipande vya chuma, huku mikono ikisingwa dawa ya mitishamba.

Kujihami

Ndugu zetu wa ndondi wana hatari yao ya pekee. Tangu kanuni za Queensberry za mwaka 1867 zilipoamuru glavu, bondia hupiga kichwa kwa nguvu zote, mkono ukiwa umefungwa bendeji na kufunikwa. Lakini njiani, aviziwapo usiku, hana bendeji wala glavu, na pigo lile lile laweza kumvunja yeye mwenyewe. Kwa hiyo anayejifunza kujihami afundishwe kupiga kichwa kwa kitako cha kiganja, ambacho kina nyama nene na hakihitaji kukomazwa kwa miaka, na ngumi aiweke kwa sehemu laini za mwili.

Mapendekezo

Napendekeza mambo manne. Kwanza, watoto ambao mifupa yao ingali inakua wasipigishwe ubao, bali wafundishwe kufumba ngumi na kunyoosha kifundo. Pili, mwanafunzi aanze kwa mapigo machache mepesi, asiongeze nguvu mpaka kifundo chake kimenyooka bila kukumbushwa. Tatu, maumivu ya ngozi yavumiliwe kwa kiasi, lakini maumivu ya kiungo yasimamishe zoezi mara moja, na uvimbe usiopungua upelekwe kwa tabibu. Nne, ubao uliolowa damu usipigwe na mwingine kabla ya kusafishwa, kwani maradhi hupita katika michubuko. Mwalimu asiyeweza kuyasimamia haya manne ni heri auache ubao, afundishe kiganja.