Hundi Isiyo na Fedha: Deni na Jinai



Hundi ni amri ambayo mwandikaji huipa benki yake imlipe mtu aliyetajwa. Anayeitoa huku akijua kuwa akaunti yake haina fedha za kutosha hajaahirisha deni tu. Huenda ametenda jinai.

Kifungu cha 302 cha Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, kinamhusu mtu anayejipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Adhabu yaweza kufikia kifungo cha miaka 7. Kiini ni nia: aliyekosea hesabu, akalipa mara alipoarifiwa, si sawa na aliyetoa hundi na kuondoka na magunia ya mahindi hali akijua akaunti yake haina kitu.

Hata pale jinai isipothibitishwa, deni halifi. Amri ya 35 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai humruhusu mdai wa hundi kufungua shauri la muhtasari, ambamo mdaiwa hawezi kujitetea bila kibali cha mahakama.

Kwa hiyo, hundi ikirudishwa, itunzeni pamoja na taarifa ya benki inayoeleza sababu. Mwarifuni mwandikaji kwa maandishi bila kukawia, wala msimrudishie hundi hiyo kabla hajalipa. Zaidi ya yote, mkulima asikabidhi mazao kwa mnunuzi asiyemfahamu kabla benki haijathibitisha kuwa fedha zimeingia.