Mtalii na Msafiri Mwenzake: Mazungumzo ya Njiani katika Nyanda za Juu Kusini



Tafiti za lugha na utalii aghalabu huchunguza mazungumzo ya mtalii na wenyeji wanaomhudumia: mwongoza watalii, mhudumu wa hoteli, muuza vinyago. Leo nakusudia kuangalia jinsi watalii wanavyozungumza na wasafiri wenzao kati ya Iringa na Mbeya. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kina utaratibu uliokomaa wa kuwafanya watu wasiojuana kuwa wenzi wa safari, lakini utaratibu huo haufundishwi kwa watalii.

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi talii kina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni kusoma au kuchunguza kwa makini. Mtalii, basi, ni mtazamaji. Neno hilo humhusisha na anachokitazama, kama vile tembo wa Ruaha, zana za mawe za Isimila au maua ya Kitulo. Halimhusishi na aliyeketi kando yake. Ndani ya basi watu huitana mwenzangu, jirani, dada, kaka au mzee.

Uhusiano huo hujengwa kwa hatua tatu. Ya kwanza ni salamu. Shikamoo hupanga umri wa wasafiri kabla majina hayajajulikana, ilhali wa rika moja huulizana habari za safari. Anayesema kamwene kwa Mhehe, au asubuhi akamwambia Mnyakyusa ugonile, yaani "umelala?", huonyesha kuwa anaitambua nchi anayoipita. Ya pili ni karibu, inayotamkwa hata kama chakula ni hindi moja la kuchoma. Aliyekaribishwa halazimiki kula. Muhimu ni kwamba ametambuliwa. Ya tatu ni utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Msafiri akishamtambua mtani wake, hupata ruhusa ya kumkejeli mtu ambaye saa moja kabla hakumjua, na basi zima likacheka.

Katika vyumba vya vitanda vinne au sita vya treni ya TAZARA, reli iliyozinduliwa mwaka 1976, wasiojuana walilala pamoja usiku kucha. Mtalii wa kigeni aliyeingia humo na jambo na hakuna matata pekee aliishiwa maneno mapema, kwani hata wenzake hawasalimiani hivyo.

Hapa ndipo penye wajibu wetu. Tukimfundisha mgeni lugha ya kuagizia chai na kuulizia bei tu, tunamzoeza kumwona kila Mtanzania kuwa mhudumu, hata yule aliyelipa nauli ileile kwenda kutazama Kitulo. Vitabu vyetu vya Kiswahili kwa wageni vinahitaji sura ya abiria wawili kwenye kiti kimoja, wote wakiwa wageni wa mahali waendako.