Bata Mzinga Madume Wakipigana, Anza na Kuwahesabu



Leo hatuzungumzi ng'ombe wala mbuzi. Tunazungumza bata mzinga mnaowafuga pembeni ya zizi. Mara nyingi ni mifugo ya kina mama na vijana, na dume mnono akifikishwa mjini Mwanza wakati wa Krismasi au Pasaka, daftari na sare za shule zinapatikana. Lakini dume huyohuyo ndiye anayeleta kesi nyumbani: amemtoa mwenzake damu, amemchana jike mgongo, amemrukia mtoto.

Ninyi wafuga ng'ombe jambo hili mnalijua. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Mnabakiza fahali bora, wengine mnawahasi wawe maksai au mnawapeleka mnadani. Bata mzinga hatuwahasi. Basi zinabaki njia mbili tu, kuuza au kuchinja, na hapo ndipo wengi tunapochelewa.

Kwanza mjue kwa nini wanapigana. Dume akianza kupevuka, kwenye miezi mitano au sita, anatafuta cheo. Anapanua mkia, anaburuta mbawa chini, kichwa kinageuka rangi: chekundu, cha bluu, cheupe. Hayo ni majivuno, bado si vita. Vita ni pale wanapong'ang'aniana midomo au kile kinyama kinachoning'inia juu ya mdomo, wakasukumana shingo kwa shingo na kurukiana kwa kucha. Aliyeshindwa akipata pa kukimbilia, mara nyingi ugomvi unaisha. Akibanwa kwenye kona ya banda, anaweza kuuawa.

Vitabu vya nchi za baridi husema dume hutulia msimu wa kuzaliana ukipita. Huko siku hurefuka na kufupika, na mwanga ndio unaoamsha tamaa ya dume. Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima. Usikae ukisubiri msimu upite.

Fanya hivi.

Hesabu madume. Dume mmoja mwenye afya anatosha majike 8 hadi 10, na akiwa wa aina kubwa nzito, 5 au 6. Tuseme mama ana majike 8 na madume 4. Akipanda mmoja, mwingine anamsukuma chini. Jike analalia mayai siku 28, kisha mengi yanakuwa viza. Mama huyu amelisha madume watatu bila faida, na vifaranga amekosa. Abakize mmoja, akitaka wa akiba, wawili, lakini kila mmoja na majike wake na uzio wake.

Uza mapema. Chagua dume wa mbegu kabla vita havijapamba moto: miguu iliyonyooka, kifua kipana, tabia ya upole. Wengine watenge kwenye banda lao la kunenepeshea, mbali na majike. Madume waliokua pamoja tangu vifaranga, wasipoona majike, huvumiliana zaidi.

Usivuruge kundi. Kila unapoingiza dume mgeni, au unapomrudisha aliyekuwa mbali kwa siku kadhaa, vita vya cheo vinaanza upya. Mgeni akae kwanza wiki mbili peke yake, mbali kidogo, umchunguze kama ana ugonjwa. Kisha mweke nyuma ya wavu au fito wanapoonana bila kugusana, wiki moja hivi. Baada ya hapo mfungulie kwenye uwanja wazi wenye nafasi, nawe uwepo ukiangalia.

Wape nafasi. Ndani ya banda, kila bata mzima apate angalau mita moja ya mraba, na mchana watoke nje. Weka vyombo vya chakula na maji sehemu mbili au tatu, ili dume mmoja asivimiliki vyote. Simamisha matawi, magunia au mabanzi uwanjani ili aliyeshindwa ajifiche. Kivuli kisikosekane, kwa maana joto na msongamano huongeza ugomvi.

Ukiona damu, mtoe majeruhi mara moja. Bata mzinga huvutwa na rangi nyekundu, na kundi zima linaweza kumdonoa mpaka afe. Safisha kidonda kwa maji safi yenye chumvi kidogo, paka dawa ya zambarau ya vidonda, na usimrudishe kabla hajapona. Jike aliyechanika mgongo mtenge na dume vilevile. Dume mwenye kucha ndefu mkate ncha tu, usifike kwenye damu. Kidonda kirefu au jicho lililoumia, mwite afisa mifugo.

Mwisho, usalama wa watoto. Dume aliyelelewa peke yake mikononi mwa watu huwahesabu watu kama madume wenzake. Vifaranga wakue na wenzao. Akikujia, usikimbie wala usimpige teke. Nyoosha fimbo mbele yako na umsogeze taratibu mpaka ageuke. Mtoto mdogo asitumwe peke yake kwenye banda lenye dume mkali. Dume mzima wa aina kubwa anaweza kupita kilo 10, na hurukia kwa kucha usawa wa uso wa mtoto. Dume anayerudia kushambulia watu asiachwe kuwa wa mbegu, hata awe mzuri kiasi gani. Auzwe au achinjwe.

Jioni ya leo, ng'ombe wakisharudi zizini, pitia banda la bata mzinga. Hesabu majike, hesabu madume. Waliozidi, wapangie siku ya soko kabla hawajajipangia siku ya vita.